Miche Bora Kabla ya Mvua: Namna ya Kukuza Mboga Chini ya Paa Kabla ya Kupandikiza

Mvua ya masika inapokaribia katika Kaunti ya Kilifi, wakulima wengi wa mboga hujikuta katika hali moja. Shamba limelimwa, samadi imefika, mawingu yanakusanyika upande wa bahari, lakini miche ya kupanda haipo. Mmoja alisia mbegu chini ya mwembe, zikaota vizuri, kisha asubuhi moja akakuta nusu ya kitalu imelala chini. Mwingine alisia mahali penye jua kali, kitalu kikakauka mchana mmoja alipokwenda matangani. Wa tatu hakusia kabisa. Anangoja kununua miche ya jirani bila kujua kama ina ugonjwa au haina.

Hasara hapo si ya pakiti ya mbegu peke yake. Mvua kubwa ya pwani huanguka zaidi kati ya Aprili na Juni. Mkulima anayetegemea mvua akichelewa wiki tatu kwa sababu alilazimika kusia upya, mboga zake zinafika wakati wa kuhitaji maji mengi mvua ikiwa inapungua. Sehemu kubwa ya kabichi na nyanya zinazouzwa katika masoko ya pwani hutoka bara, na kila msimu unaopotea namna hii humfanya mkazi wa Kilifi kununua kile ambacho angeweza kuvuna mwenyewe.

Somo hili linaeleza namna ya kukuza miche chini ya paa hadi iwe tayari kwenda shambani. Mambo makuu ni manne: udongo safi, mwangaza kuanzia siku ya kwanza, maji ya kiasi, na kuuzoesha mche jua kabla ya kuupandikiza. Mkulima akiyashika haya manne, hahitaji vifaa vya gharama.

Chini ya paa ni wapi?

Si lazima mkulima awe na nyumba ya kioo au ya nailoni. Baraza la nyumba linalopata jua la asubuhi linatosha kwa trei chache. Anayetaka miche mingi anaweza kusimamisha kibanda cha miti, juu akatandika makuti machache yanayopitisha mwanga au neti ya kivuli, na pembeni akazungushia neti ya wadudu.

Faida ni kwamba mkulima anaanza kabla mvua haijaanza, na matone mazito ya mvua hayafukui mbegu ndogo. Kuku, mbuzi na konokono hawafikii miche kwa urahisi. Maji kidogo yanatosha kwa sababu miche mingi imekaa mahali padogo. Zaidi ya yote, mkulima anaiona miche kila siku anapopita, na tatizo linaonekana likiwa bado dogo.

Si kila mboga inafaa kuanzishwa hivi. Sukuma wiki, kabichi, nyanya, bilinganya, pilipili hoho, pilipili kali na vitunguu hustahimili kuhamishwa. Karoti haipendi, kwani mzizi wake ukiguswa hupinda au kugawanyika. Kunde, maharagwe, bamia na dania ni afadhali zipandwe moja kwa moja shambani.

Kuhesabu siku kurudi nyuma

Kosa la kwanza hutokea kwenye kalenda. Mkulima hungoja mvua ndipo anunue mbegu, ilhali angetakiwa kuamua kwanza tarehe ya kupandikiza kisha ahesabu wiki kurudi nyuma. Muda wa kawaida ni huu:

- Sukuma wiki na kabichi huota kwa siku 4 hadi 8, na huwa tayari baada ya wiki 4 hadi 5.
- Nyanya huota kwa siku 6 hadi 10, na huwa tayari baada ya wiki 4 hadi 5.
- Bilinganya huota kwa siku 7 hadi 14, na huwa tayari baada ya wiki 5 hadi 7.
- Pilipili hoho na pilipili kali huota kwa siku 8 hadi 14, na huwa tayari baada ya wiki 6 hadi 8.
- Vitunguu huota kwa siku 7 hadi 10, na huwa tayari baada ya wiki 6 hadi 8.

Kwa mfano, anayetaka kupandikiza katikati ya Aprili asie hoho katikati ya Februari, na nyanya na sukuma wiki kati ya tarehe 11 na 18 Machi. Kwa mvua ya vuli, anayelenga mwisho wa Oktoba asie hoho mwanzoni mwa Septemba na nyanya katika wiki ya mwisho ya Septemba. Kabla ya kuamua tarehe, ni vyema kusikiliza utabiri wa msimu wa Idara ya Hali ya Hewa, kwa kuwa mvua haianzi siku moja kila mwaka, wala haianzi kwa pamoja Ganze na Malindi.

Mche uliozidi umri ni hasara kama uliochelewa. Ukikaa sana kwenye trei, mizizi huzunguka na kujifunga kama uzi kwenye gurudumu, na hata ukipandwa kwenye udongo mzuri huchukua muda mrefu kujinasua. Kwa sababu hiyo, penye shaka juu ya mvua, mkulima asie kwa awamu mbili zinazopishana siku 10, badala ya kusia mbegu zote siku moja.

Mbegu

Mbegu inunuliwe katika duka la agroveti linalofahamika, ikiwa katika pakiti iliyofungwa na tarehe yake haijapita. Shirika la KEPHIS ndilo linalothibitisha mbegu nchini Kenya. Pakiti zenye kibandiko chake huwa na namba iliyofichwa. Mnunuzi hukwangua, kisha huituma namba hiyo kwa ujumbe mfupi kwenda 1393 ili kujua kama mbegu ni halali. Ni jambo la dakika moja, na linafaa kufanywa kabla ya kuondoka dukani.

Mbegu iliyobaki kutoka msimu uliopita ijaribiwe kwanza. Mkulima ahesabu mbegu 20, azifunge katika kitambaa chenye unyevu, na akiweke mahali pa joto bila kuacha kikauke. Baada ya siku 8 hadi 10 ahesabu zilizoota. Zikiwa 16 au zaidi, mbegu ni nzuri. Zikiwa 10, itabidi asie maradufu. Zikiwa chini ya hapo, ni afadhali anunue nyingine kuliko kupoteza mwezi mzima.

Mbegu nyingi za dukani zimepakwa dawa, na huonekana kwa rangi yake, nyekundu, buluu au kijani. Zisiachwe mahali watoto au kuku wanapofika, na mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kuzishika. Pakiti iliyofunguliwa ihifadhiwe katika chupa kavu yenye kifuniko, mahali penye kivuli. Joto la chini ya paa la mabati pamoja na unyevu wa pwani huua mbegu haraka.

Udongo safi

Udongo wa kitalu ndio chanzo cha magonjwa mengi ya miche. Mkulima akichota udongo pale palipokuwa na nyanya mwaka jana, amechota pia vimelea vya kuoza na minyoo wadogo wanaofanya mizizi iwe na mafundo. Minyoo hao husumbua sana kwenye udongo wa kichanga, ambao ndio ulioenea sehemu nyingi za pwani. Mche ukishaingiwa nao ukiwa mdogo, mkulima anaupeleka shambani pamoja na adui wake.

Mchanganyiko unaofaa ni ndoo 2 za udongo wa juu kutoka mahali ambapo nyanya, bilinganya, pilipili au viazi havijalimwa, ndoo 1 ya samadi iliyooza kabisa na kuchekechwa, na ndoo 1 ya mchanga wa mto. Mchanga wa ufuoni usitumike kwa sababu una chumvi. Samadi mbichi nayo isitumike, kwani huunguza mizizi na kuleta magugu. Iliyooza vizuri haitoi harufu kali, na haipati joto inapolundikwa.

Kilifi ina mali nyingine ambayo kaunti nyingi za bara hazina, nayo ni makumbi ya nazi. Vumbi linalobaki makumbi yanapochambuliwa usumba hushika maji vizuri na ni jepesi, na linaweza kuchukua nafasi ya nusu ya ule udongo. Lakini vumbi hilo mara nyingi lina chumvi. Lilowekwe katika maji baridi yasiyo na chumvi, yamwagwe, na kazi hiyo irudiwe mara kadhaa hadi maji yanayotoka yasiwe ya rangi nzito. Kwa kuwa vumbi hilo halina chakula cha kutosha kwa mche, lichanganywe na samadi.

Mchanganyiko ukiwa tayari, usafishwe kwa joto. Njia ya kwanza ni moto: udongo wenye unyevu huwekwa ndani ya debe au juu ya bati kuukuu, hufunikwa, na moto wa wastani huwashwa chini. Kiazi kidogo kibichi kikifukiwa katikati ya udongo kitatoa jibu, kwani kikiiva udongo umepata joto la kutosha. Njia ya pili ni jua. Katika miezi ya Januari na Februari, udongo ulioloweshwa hutandazwa ukiwa na unene usiozidi upana wa kiganja, hufunikwa kwa nailoni nyeupe inayopitisha mwanga, na kingo hukandamizwa kwa mawe. Uachwe hivyo wiki 4 hadi 6. Baada ya hapo udongo usiguswe kwa jembe au mikono yenye udongo wa shambani.

Kabla ya kujaza chombo, udongo ujaribiwe kwa kiganja. Ukifinywa ushikane kama tonge, na ukiguswa kwa kidole uvunjike. Ukitoa maji ni mwingi wa unyevu, na usiposhikana ni mkavu.

Chombo na kusia

Trei za dukani huwa na vishimo vingi. Trei ya vishimo 200 hufaa kabichi na sukuma wiki, na ya vishimo 128 hufaa nyanya, hoho na bilinganya ambazo zinahitaji nafasi zaidi. Asiyekuwa na trei anaweza kutumia vikopo, vikombe vya karatasi au chupa za maji zilizokatwa. Kila chombo kiwe na tundu chini. Vyombo vilivyotumika msimu uliopita vioshwe kwa sabuni, vilowekwe kwenye maji yenye dawa ya kufulia nguo nyeupe, visuuzwe, kisha vianikwe juani.

Kila kishimo kipate mbegu moja, au mbili ikiwa mbegu haiaminiki. Kina kiwe kati ya nusu sentimita na sentimita moja. Mbegu iliyofukiwa sana huishiwa nguvu kabla haijaona mwanga. Baada ya kufunika, trei inyunyiziwe maji taratibu, kisha iwekwe mahali penye kivuli na joto la kawaida. Hapo inaweza hata kukaa ndani ya nyumba, kwani mbegu hizi haziogopi giza kabla ya kuota. Trei nyeusi ikiachwa juani wakati huo, joto la udongo hupanda mno na mbegu huiva badala ya kuota.

Trei ziwekwe juu ya meza au chanja, si chini. Miguu ya chanja ikisimamishwa ndani ya mikebe yenye maji, sisimizi hawatapanda kubeba mbegu, na konokono watashindwa kuvuka. Kila trei iandikwe jina la mboga na tarehe ya kusia.

Mwangaza kuanzia siku ya kwanza

Hapa ndipo wengi hukosea. Mbegu zikishaanza kuchungulia, trei itolewe gizani siku hiyo hiyo. Ikikaa siku mbili zaidi ndani ya nyumba, miche hurefuka ikitafuta mwanga na kuwa myembamba kama uzi, myeupe na dhaifu. Mche wa namna hiyo hauponi kwa mbolea wala maji. Utaanguka upepo wa kwanza ukiuvumia, na hata ukisimama, shina lake litabaki hafifu.

Nyumba nyingi za pwani zimejengwa ili ziwe na ubaridi, zikiwa na madirisha madogo na paa lililoshuka chini. Zinamfaa binadamu anayekwepa jua, lakini mche ndani yake uko gizani. Dirisha moja halitoshi, labda kwa vikopo vichache vinavyogeuzwa kila siku ili miche isielemee upande mmoja.

Mahali pazuri ni baraza linaloelekea mashariki, au kibanda chenye kivuli cha nusu. Miche ipate jua la asubuhi hadi karibu saa nne, kisha kivuli chepesi wakati wa jua kali, na mwanga tena jioni. Njia rahisi ya kupima ni kuangalia miche yenyewe. Ikiwa mifupi, minene na ya kijani kilichokolea, mwanga unatosha. Ikiwa mirefu na imeinama upande mmoja, mwanga ni mdogo. Majani yakiwa na mabaka meupe yaliyokauka, jua limezidi.

Miche iliyoota miwili katika kishimo kimoja ipunguzwe mapema kwa kukata ule dhaifu kwa mkasi. Kuung'oa huvuruga mizizi ya mwenzake.

Maji: kiasi chake na chumvi yake

Miche mingi hufa kwa maji kuliko kwa kiu. Udongo ukikaa umelowa mchana na usiku, vimelea vya kuozesha hustawi na mizizi hukosa hewa. Imwagiliwe asubuhi, kwa kopo lenye matundu madogo au chupa iliyotobolewa kifuniko. Jioni majani yawe makavu.

Kabla ya kumwagilia, mkulima ainue trei. Ikiwa nzito, asubiri. Ikiwa nyepesi na udongo wa juu umepauka, amwagilie hadi maji yaanze kutoka chini, kisha aache. Kwa kawaida lita moja kwa siku hutosha trei moja, ingawa upepo mkavu wa kaskazi unaweza kulazimisha kuangalia tena alasiri.

Jambo la pili ni chumvi. Visima vingi karibu na bahari vina maji ya chumvichumvi, na chumvi huzidi kiangazi kinapoendelea. Mnazi huvumilia maji hayo, lakini mche wa wiki mbili hauvumilii. Dalili zake ni ncha na kingo za majani kukauka na kuwa za kahawia, miche kudumaa, na ukoko mweupe kuonekana juu ya udongo. Maji ambayo mtu anaonja chumvi ulimini yasitumike kwenye kitalu.

Suluhisho ni kuweka akiba. Trei mbili kwa siku 35 huhitaji karibu lita 70, yaani mitungi mitatu na nusu ya lita 20. Hicho ni kiasi ambacho familia inaweza kukinga kutoka kwenye paa la mabati katika mvua moja na kukihifadhi katika pipa lenye kifuniko. Maji ya kisima yabaki kwa kazi nyingine.

Chakula cha mche

Mche hauhitaji mbolea kabla ya kutoa majani halisi mawili, yale yanayofuata baada ya majani ya mbegu. Baada ya hapo, ikiwa rangi inapauka, mkulima aloweke samadi iliyooza katika maji kwa siku kadhaa, achuje, kisha aongeze maji hadi rangi ifanane na chai ya rangi isiyo nzito. Amwagilie kwenye udongo, si kwenye majani, mara moja kwa wiki. Kuzidisha huleta miche minene ya kupendeza macho lakini laini, ambayo jua la shambani litaiangusha siku ya kwanza.

Miche ikianza kuanguka

Ugonjwa unaoua miche kwa wingi huozesha shina pale linapogusana na udongo. Baadhi ya wakulima huuita kinyausi. Shina hulegea, huwa jembamba kama limefungwa uzi, na mche hulala ukiwa bado wa kijani. Unaanza sehemu moja ya kitalu kisha unasambaa kama duara. Husababishwa na ukungu unaoishi kwenye udongo, na husaidiwa na maji mengi, msongamano na hewa isiyotembea.

Mche ulioanguka hautainuka tena, kwa hivyo kazi ni kuokoa iliyobaki. Mkulima aondoe miche iliyoanguka pamoja na udongo wake na iliyo jirani, aitupe mbali na shamba, aache kumwagilia kwa siku moja au mbili, na ahamishe trei mahali penye hewa. Trei zenye ugonjwa zitengwe. Kabla ya kununua dawa yoyote, apeleke mche mmoja kwa afisa wa kilimo wa wadi, kwa kuwa mche uliokatwa na mdudu au uliounguzwa na chumvi hautibiwi kwa dawa ya ukungu.

Adui wa pili ni inzi weupe, wadogo kama vumbi, wanaoruka majani yanapotikiswa. Wanafyonza utomvu na kueneza virusi vinavyokunja majani ya nyanya na kuyafanya manjano. Mche ulioambukizwa kitaluni hauna tiba, na utakaa shambani miezi miwili ukila samadi bila kuzaa chochote cha maana. Ndiyo sababu neti yenye matundu madogo sana, iliyofungwa vizuri pande zote, ina faida kubwa kwa anayekuza nyanya. Kitalu kisiwekwe kando ya shamba la nyanya kuukuu, na magugu yaliyo karibu yaondolewe.

Kuzoesha jua

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na mche nao hufundishwa kabla ya kukomaa. Mche uliolelewa kivulini una majani laini. Ukitolewa ghafla na kupandwa kwenye jua la Kilifi, utanyauka mchana ule ule.

Siku 7 hadi 10 kabla ya kupandikiza, mkulima aanze kuupunguzia raha. Siku mbili za kwanza trei zikae juani hadi saa tatu asubuhi. Siku mbili zinazofuata hadi saa tano. Baadaye zibaki nje hadi alasiri, na siku mbili za mwisho zikae nje mchana na usiku. Nyanya, bilinganya na hoho zinazokuzwa chini ya neti ya wadudu ziondolewe kivuli tu, huku neti ikiachwa hadi siku ya kupanda. Katika siku hizi maji yapunguzwe pole pole, lakini miche isiachwe ikanyauka hadi ishindwe kuinuka jioni. Shina litakuwa gumu zaidi na rangi itakolea, na hizo ndizo dalili kwamba mche umejiandaa.

Mche ulio tayari una majani halisi 4 hadi 5, shina imara, na urefu wa kati ya sentimita 10 na 15. Kitunguu kiwe na unene unaokaribia wa penseli. Ukichomolewa, udongo ushikwe na mizizi na utoke mzima, na mizizi iwe myeupe. Mizizi ya kahawia imeanza kuoza. Mche wenye mafundo kwenye mizizi au majani yaliyokunjika usipandwe hata kama nafasi ipo, kwa kuwa utaambukiza mingine.

Siku ya kupandikiza

Kazi hii ifanywe jioni au siku ya mawingu. Trei imwagiliwe saa moja kabla, ili miche itoke bila kukatika mizizi. Mashimo yawe yameshachimbwa, na konzi mbili za samadi iliyooza zichanganywe na udongo katika kila shimo. Mche ushikwe kwa majani au kwa bonge la udongo, si kwa shina, kwani shina likibonyezwa halitengenezeki.

Nyanya inaweza kuzikwa hadi karibu na majani ya chini, kwa sababu shina lake hutoa mizizi mipya. Hoho na bilinganya zipandwe kwa kina kile kile zilichokuwa nacho kwenye trei. Kitunguu kisifukiwe sana. Udongo ushindiliwe kwa upole kuzunguka mche, kisha maji yamwagwe hata kama mvua inatarajiwa. Nyasi kavu au makuti yatandazwe kulinda unyevu, yakiachwa mbali kidogo na shina ili lisioze.

Hesabu ya kishamba kimoja

Kishamba cha mita 10 kwa 10, chenye sukuma wiki zilizopandwa kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 60, huingia mashina yapatayo 275. Mkulima akiongeza miche 40 ya kujazia mapengo, anahitaji 315 iliyo hai. Trei mbili za vishimo 200 zinampa nafasi 400. Hata mbegu moja kati ya tano isipoota, bado anabaki na 320. Zaidi ya hapo kinachohitajika ni ndoo chache za udongo uliosafishwa, pipa la maji ya mvua, chanja, kivuli, na dakika kama kumi kila asubuhi.

Inafaa pia kuandika katika daftari tarehe ya kusia, tarehe ya kuota, idadi iliyoota na idadi iliyofika shambani. Trei ikitoa miche 180 msimu mmoja na 90 msimu unaofuata, daftari litaonyesha kilichobadilika, iwe ni mbegu, udongo, maji au mahali trei zilipowekwa.

Mkazi anayetaka kuonyeshwa hatua hizi, au aliye na miche inayougua, amwone afisa wa kilimo wa wadi yake. Aende na mche mzima ukiwa na mizizi na udongo wake, pakiti ya mbegu, na maji kidogo ya kisima anachotumia ndani ya chupa safi. Kwa vitu hivyo vitatu, afisa atakuwa na pa kuanzia kutafuta chanzo cha tatizo wakati bado kuna nafasi ya kusia tena kabla mvua haijaisha.